Mwalimu Hubert Cirhuza, Mtu Asiyejua Kuacha (1956–2002)

Ndugu wafiwa, walimu wenzake, wanafunzi wake wa jana na wa leo, majirani, na ninyi mliotoka Kizuka na Gatete mkapekuliwa kwenye vizuizi asubuhi hii ili mfike hapa: amahoro, amani kwenu. Tumepewa ruhusa ya kuwa makaburini hadi saa tisa alasiri, kisha barabara inafungwa. Kwa hiyo tutayasema maisha ya mtu huyu kwa haraka kuliko alivyostahili. Yeye mwenyewe angetuambia tujikaze, na tungemaliza kabla ya wakati.

Hubert Cirhuza alizaliwa tarehe 3 Machi 1956 huko Walungu, Kivu ya Kusini. Baba yake alikuwa Bwana Cubaka, mkata miwa, na mama yake ni Mama Marguerite. Wadogo zake waliomfuata hawakuishi, akabaki peke yake, tunda moja mtini. Mwaka 1961 familia ilihamia Kiliba, karibu na Uvira, baba alikopata kazi kwenye mashamba ya miwa. Huko Kiliba mama yake alimtuma siku moja akajaze pipa la maji kwa chungu. Chungu kilikuwa na ufa. Mtoto akafika na nusu chungu, akarudi mtoni, akafika na nusu nyingine, na hivyo hivyo mpaka jua likazama na pipa likajaa. Mama alipouona ule ufa akashika kichwa. "Kwa nini hukusema chungu imepasuka?" Akajibu: "Mama, wewe hukuniuliza chungu. Ulisema nijaze pipa." Mama Marguerite aliisimulia hadithi hii kwenye kila karamu, na kila mara alicheka mpaka akafuta machozi.

Alisoma shule ya msingi Kiliba kuanzia 1962 hadi 1968. Mwaka uliofuata baba yake alifariki. Mama akajifunga kibwebwe, akahamia Mboko, ufukweni mwa ziwa, akawa anauza samaki wa kukaushwa na unga wa muhogo ili mwanawe aendelee na masomo. Hubert alisoma sekondari Uvira, kisha akaingia chuo cha ualimu Bukavu mwaka 1976, akatoka na diploma ya Kiingereza mwaka 1979. Aliulizwa sana kwa nini Kiingereza, mahali ambapo kila mtu alitaka Kifaransa. Jibu lake lilikuwa kwamba mwalimu wao wa kwanza aliingia darasani akasema lugha hiyo ni ngumu na wengi wataiacha. Kumwambia Cirhuza neno kama hilo ni kumwaga petroli kwenye moto.

Kilichomnasa zaidi ni misemo. Alikuwa na imani yake kwamba ukitaka kuwajua watu, usisikilize wanavyoomba wala wanavyotukana. Sikiliza wanavyomsifu mtu anayefanya kazi. Alikusanya misemo ya Waingereza juu ya kazi na bidii kama watu wengine wanavyokusanya vitenge. Alifundisha Uvira miaka minne, mshahara ukija siku unapojisikia, na mwaka 1983 akavuka ziwa kuja nchi hii, akaajiriwa katika lisé, shule ya sekondari, hapa Rumonge. Hapo alifundisha miaka kumi na tisa.

Waliopita mikononi mwake wanaujua ubao wa Jumatatu. Upande wa kushoto aliandika msemo mmoja wa Kiingereza juu ya kujituma, na chini yake maana yake kwa Kiswahili. Aliwaambia kwamba huko Uingereza mtu akisoma hadi usiku mkubwa husemwa amechoma mafuta ya usiku wa manane. Asma, binti wa muuza mawese wa sokoni, akainua mkono: "Mwalimu, mafuta ni ya kukula. Nani iko anayachoma bure?" Wiki nyingine akawaeleza kuwa mtu asiyepumzika kazini husemwa ameweka pua yake kwenye jiwe la kusagia, na wasichana waliozoea kusaga muhogo wakataka kujua ule unga utaliwa na nani. Akaleta na ule wa kumhimiza mvivu apandishe soksi zake. Darasa zima likainama kutazama miguu. Soksi zilikuwa za mwalimu peke yake, na hata hizo zilikuwa na tundu kisiginoni.

Upande wa kulia wa ubao aliandika yetu: mchumia juani hulia kivulini, mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Alipenda kuwaonyesha tofauti. "Muingereza akisifia kazi anajiumiza pua," alisema. "Muswahili akisifia kazi anafikiria mboga." Lakini pande zote mbili, aliwaambia, zinakubaliana jambo moja: mtu akijikaza, anafika. Wanafunzi wakampa jina la Mwalimu Jikaze. Alilijua, na alijifanya halijui.

Tarehe 16 Agosti 1986 alifunga ndoa na Vestine, binti wa Kizuka, katika kanisa la hapa mjini. Baba mkwe alikuwa na michikichi na presi ya mkono, ile ya kuzungusha mti mrefu kwa kifua huku unatembea duara, na mafuta yanatiririka chini. Aliona huyu bwana wa chaki kutoka Kongo si wa kuaminika, akamwambia aje asaidie kidogo kukamua kabla ya kuzungumza habari za mahari. Hubert akavua shati. Akakamua chikichi za siku ile, akakamua na zilizokuwa zimechemshwa kwa ajili ya kesho, viganja vikachubuka, na mkwewe akaona haya kumwambia inatosha. Ni mama mkwe aliyetoka jikoni na mwiko mkononi: "Mumutoe huyu mutoto pale! Atazunguka mpaka Pasaka!" Mahari ilizungumzwa jioni hiyo hiyo, na kwa upole mkubwa.

Mama Marguerite alikuja harusini kutoka Mboko kwa boti ya Asmani, yule Asmani wa mtaa wa Waswahili ambaye wengi wenu mmevuka naye. Alileta mzigo wa samaki wakavu na kuku mmoja jike, akacheza mpaka viatu vikamshinda akaviacha mlangoni. Siku zile ziwa lilikuwa barabara. Kila likizo Hubert alipanda boti ya Asmani kwenda kwa mama, na kila Krismasi mama alikuja huku. Mungu aliwajalia Hubert na Vestine watoto watatu: Naomie mwaka 1987, Providence mwaka 1990, na Lukeba mwaka 1995.

Kisha ikaja Oktoba 1993, na vita ambavyo hatuvisimulii hapa, kwa sababu kila aliyesimama mbele ya kaburi hili anajua alichopoteza. Tutasema tu jinsi vilivyomfunga. Kwanza ilifungwa milima. Halafu barabara ya Bujumbura ikawa ya kupita kwa msafara wa askari, na mtu akienda aliagana na watu wake kama anayehama dunia. Mwaka 1996 nchi ikawekewa vikwazo, petroli ikawa dhahabu. Mwaka huo huo Kongo nayo ikawaka, na mwisho ziwa lenyewe likapigwa marufuku: hakuna kuvuka, hakuna kuvua usiku, na chombo chochote kilichoonekana mbali na ufuko kilihesabiwa kuwa cha adui. Mji mzima ukawa kama kuku chini ya tenga. Mvua ikinyesha na hewa ikisafika, Hubert alitoka nje ya nyumba yake na kuiona milima ya kwao ng'ambo, wazi kabisa, miti na mabonde. Nchi yake aliifikia kwa macho, na miguu ikabaki hapa.

Kwa muda mrefu hakupata habari za mama. Mwanzoni mwa 1998 wavuvi wakaleta neno kwamba Mama Marguerite yu hai lakini miguu imemvimba, hatembei mbali. Hapo Hubert hakukalika. Likizo ya Pasaka mwaka huo alijaribu kuvuka mara ya kwanza. Doria ikamkamata kabla Rumonge haijapotea machoni, akalala mahabusu siku mbili, akarudi darasani Jumatatu akaandika msemo wake ubaoni kana kwamba alikuwa ametoka sokoni.

Mara ya pili ilikuwa Juni 1999, na ilianzia darasani. Alikuwa ameandika penye nia pana njia. Karimu, kijana wa mwaka wa mwisho, akasimama. Hakuwa na utani. "Mwalimu," akasema, "siye wote tunajikaza. Baba anajikaza, mama anajikaza. Tunaamuka saa kumi. Na tuko hapa hapa. Nia iko. Njia iko wapi?" Hubert akasimama na chaki mkononi, akasema atajibu wiki ijayo. Jumamosi akaenda kwa Asmani.

Vestine alimfuata mpaka ufukweni. Alimuuliza mbele ya watu: "Unaenda kwa mama, ao unaenda kumujibu Karimu?" Akapanda boti. Labda hakujua. Walipofika katikati ya ziwa walipigwa risasi. Injini ikafa, na Asmani akapigwa mkononi, mkono wa kushoto, ule ambao hadi leo haunyooki. Hubert aling'oa ubao wa kukalia akapiga kasia nao mpaka wakarudi Gatete, viganja vikiwa damu tupu. Jumatatu aliingia darasani na vitambaa mikononi. Akamwambia Karimu: "Bado natafuta."

Sasa tuseme kama ilivyokuwa, kwa sababu marehemu hakupenda mapambo. Tulimsihi. Padri alimsihi, mkuu wa shule alimsihi, baba mkwe alipiga magoti, na mzee yule hakuwa mtu wa kupigia magoti mtu. Vestine alinyamaza wiki mbili nzima, na mnamjua Vestine: kunyamaza kwake ni kilio. Hubert aliwasikiliza wote kwa adabu, akasema mama yake hana mtoto mwingine. Asmani alipokataa kumpakia tena, alikwenda Gatete akanunua mtumbwi mkongwe wa mtu mmoja, akauziba nyufa, akaanza kujifunza kupiga kasia peke yake kando ya ufuko mchana wa Jumapili, askari wakimtazama na kucheka. Alikuwa anangoja mwezi wa pili, upepo utulie. Hapo tulijua kwamba tutamzika. Tulichokuwa hatujui ni kama tutapata mwili wa kuzika.

Tarehe 22 Januari 2000 Asmani alikuja nyumbani. Wakati ule alikuwa ameruhusiwa kuvua mchana, na huko majini wavuvi wa pande mbili walikuwa wakikutana, wakibadilishana sigara na habari. Alikataa kiti. Akatoa mfukoni kitambaa kilichofungwa, na ndani yake ilikuwamo rozari ya Mama Marguerite, ile ya mbao nyeusi ambayo Hubert mwenyewe alimnunulia Bukavu kwa pesa zake za kwanza. Akasema mama amefariki, na watu wa Mboko wamekwisha kumzika. Hubert aliipokea ile rozari, akaigeuza geuza, akauliza swali moja tu: kama aliumia sana. Asmani akatikisa kichwa. Kisha akaondoka haraka, na sisi tukadhani ni uchungu.

Matanga yalikaa siku tatu. Hubert alinyoa kichwa. Siku ya arobaini ilisomwa misa, na mama mkwe, yule wa mwiko, alimlilia mama mwenzake kuliko wote. Ule mtumbwi Hubert aliupeleka Gatete mara tu matanga yalipokwisha, akampa mvuvi mmoja bila kutaka chochote. Hakuwa na pa kwenda tena.

Tangu siku hiyo akawa mtu wa mji mmoja. Jumatatu ya kwanza baada ya matanga wanafunzi walikuta ubao mtupu, na ya pili, na ya tatu. Alifundisha sarufi, akasahihisha kazi, akaenda zake. Alasiri alikwenda na Vestine Kizuka kukamua mawese, kwa kuwa mshahara wa mwalimu ulikuwa umebaki jina. Alizunguka kwenye ile presi bila kusema. Siku moja Vestine alimwambia apumzike, akajibu bila kusimama: "Hii ndiyo safari iliyonibakilia." Vestine anasema hakuna neno la vita lililomuumiza kama hilo, na vita vilimwambia maneno mengi.

Aliyemrudisha ubaoni ni Asma, yule wa mafuta. Alikuwa amekwisha kumaliza masomo, lakini alikuja shuleni akaomba chaki, akaandika upande wa kulia: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Akamwambia mwalimu wake: "Wewe kila siku unatuletea ya Wazungu. Sasa shika ya kwetu." Hubert akaliacha lile neno ubaoni. Wiki iliyofuata aliandika upande wa kushoto. Hakuwahi tena kuwaambia wanafunzi kwamba anayejikaza anafika. Alisema anayejikaza anajikaza, na kufika ni habari nyingine. Karimu leo ni mwalimu Nyanza-Lac. Alitaka kuwa hapa, na barabara ya kusini imefungwa tangu Jumapili.

Mwaka 2001 miguu ya Hubert ilianza kuvimba. Mwanzoni alicheka, akasema amerithi miguu ya mama. Machi 2002 alipanda msafara hadi Bujumbura, daktari akamwambia ni figo. Alirudi na dawa za miezi mitatu, na zilipokwisha msafara haukuwapo. Alifundisha akiwa amekaa. Mwezi Oktoba alifundisha akiwa amekaa na macho yamefumbwa, na wanafunzi hawakupiga kelele hata kidogo, jambo ambalo lilimtia wasiwasi kuliko ugonjwa. Tarehe 4 Novemba alilazwa hospitalini hapa Rumonge. Jumapili iliyopita, Vestine akiwa ameshika mkono wake, alisema: "Usilie sana. Naenda kumuona mama. Kule hakuna barieri." Alisema hivyo kwa furaha. Vestine anashuhudia kwamba tangu ile rozari ifike, hakuwa amemwona na uso ule. Jumatatu tarehe 11 Novemba 2002, saa nne asubuhi, Mwalimu Hubert Cirhuza aliaga dunia akiwa na miaka arobaini na sita.

Tulipanga kumzika Jumanne. Lakini Jumatatu jioni risasi zililia juu milimani, na asubuhi askari wakafunga njia ya makaburi. Jumanne tukakaa, Jumatano tukakaa, marehemu yuko hospitalini na sisi tuko uani, wote tumefungiwa, tunaomba ruhusa ya kwenda kwenye udongo. Tulilalamika sana juu ya siku hizo mbili. Leo tunazishukuru.

Jumatano mchana, Asmani, ambaye hakuonekana tangu Jumatatu na watu wamekwisha kumsengenya kwamba amemkimbia rafiki yake, aliingia uani. Alikuwa amemshika mkono bibi kizee mwenye miguu iliyovimba, kitenge chake kimelowa hadi magotini. Mama mkwe ndiye aliyemwona kwanza. Alipiga yowe lililoamsha watoto. Vestine alisimama, akakaa, akasimama tena. Alikuwa Mama Marguerite.

Watu walirudi nyuma mpaka ukutani. Mama akasema, kwa sauti ndogo lakini kila mtu alisikia: "Musiogope. Mimi si muzimu. Mimi ni muongo." Akaketi chini, mahali alipofika. "Mimi ndiye nilimutuma Asmani. Mutoto wangu namujua. Nikimwambia usikuje, atakuja. Bakimupiga risasi, atakuja. Bakaniambia ameuza saa yake anunue mutumbwi. Nikaona dawa ni moja: nife. Nikajiua na kinywa changu, ili yeye abakie muzima."

Asmani alikuwa amesimama, mkono wake mbovu umening'inia. "Alinilisha yamini," akasema. "Nami nilikubali. Nilikuwa nimeona damu yangu ndani ya boti, sikutaka kuona ya Mwalimu. Jumatatu waliponiambia amekufa, nikaenda kwa komanda, nikaomba ruhusa, nikavuka kumuchukua mama. Sikujua nitamwambia Vestine nini. Hata sasa sijui."

Vestine alimuuliza mama swali lililokuwa kooni mwa kila mtu. Tangu mwezi wa nane watu wameanza kuvuka kidogo kidogo. Mbona hakuja? Mama Marguerite akajibu: "Nilisema vita itapoa, nitavuka, atanikasirikia siku moja, kisha tutacheka. Ziwa ilipoanza kufunguka, nikaogopa macho yake. Nikasema wiki ijayo. Wiki ijayo nayo nikasema wiki ijayo. Hakuna mutu aliniambia iko mugonjwa."

Tulikasirika. Hakuna haja ya kuficha mbele ya jeneza. Wapo wazee waliosema aliyekwisha kuliliwa hawezi kuja kulia, na kwamba asiingie katika nyumba ya msiba mpaka kwanza yale matanga yake yatenguliwe, na hakuna aliyejua matanga yanatenguliwaje. Wapo waliosema arudishwe ufukweni. Lakini wengine walianza kupiga hesabu ya upande wa pili. Ule mtumbwi wa Gatete, yule mvuvi aliyepewa alitoka nao mwezi wa pili mwaka ule, na hakurudi. Kama si ule uongo, Lukeba asingemjua baba yake. Anamkumbuka. Anajua sauti yake, anajua tundu la soksi yake. Naomie amefundishwa na baba yake mpaka darasa la nane. Karibu miaka mitatu yote hii ilitoka katika kinywa cha mama mmoja aliyekubali kufa peke yake ng'ambo, akiiangalia milima ya huku.

Vestine hakusikiliza hesabu za mtu. Aliingia ndani akatoka na beseni la maji ya uvuguvugu, akapiga magoti, akamwosha mama mkwe wake miguu, ile miguu iliyovimba kama aliyokuwa ameiosha wiki nzima hospitalini. Kisha akamkalisha mkekani pake. Akamsimulia ugonjwa wote tangu mwanzo. Akamsimulia na Jumapili, yale maneno ya kwamba anakwenda kumwona mama, kule kusiko na kizuizi. Hapo Mama Marguerite, aliyekuwa hajalia tangu afike, alifunika uso kwa kitenge akalia.

Karatasi mlizo nazo mikononi zilichapwa Jumanne, na mwishoni zinasema marehemu amemfuata mama yake mzazi. Mwenye kalamu afute. Hubert Cirhuza ameacha mama yake mzazi, Mama Marguerite wa Mboko. Ameacha mjane, Vestine. Watoto Naomie, Providence na Lukeba. Wakwe zake wa Kizuka. Rafiki na ndugu yake Asmani, ambaye familia imekubaliana aandikwe hapa na asifutwe. Na wanafunzi ambao hatuwezi kuwataja wote kabla ya saa tisa.

Asubuhi hii, kabla ya kifuniko kuwekwa, Mama Marguerite aliomba aletwe karibu na sikio la mwanawe. Kwanza tulidhani anaomba msamaha. Alituambia baadaye kwamba hilo atalifanya wakikutana wenyewe. Alikuwa na jambo la haraka zaidi, na ameomba lisomwe hapa kwa sauti, ili kama hakulisikia pale alisikie huku.

"Papa, mwanangu, umefika na hukunikuta. Najua utanitafuta. Najua hutachoka. Acha. Usizunguke, usiulize mutu, usirudi nyuma. Kaa tu mahali uliko, pumuzika na amani. Mara hii ni mimi ndiye nitakuja."